Jinsi ya Kukagua Boti Kuukuu ya Faiba Ukiwa Mkazi wa Mtendeni

Mtendeni ni kata ya Tabora mjini, na Tabora haina bahari. Ukitoka stesheni yetu kwa reli ya zamani, ni zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam na kama 400 hadi Kigoma. Maji mengi tuliyo nayo jirani ni bwawa la Igombe, na hayo ni ya kunywa. Mji wenyewe uko kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo bahari ikitaka kutusalimia itabidi ipande mlima. Basi shemeji yangu wa Dar aliponipigia simu kusema ameonyeshwa boti ya matanga, ya faiba, "ya mwaka sabini na kitu lakini imetunzwa, shem," na kwamba anataka nikamkagulie, wazee wenzangu wa baraza la kahawa walicheka mpaka mmoja akamwagia kahawa karata zake. Alikuwa anashindwa, lakini hilo ni jambo jingine.

Walicheka kwa kusahau walikotoka. Mtu wa pwani anaijua boti kwa juu: anapanda, anakaa, anashika usukani. Sisi tunaijua kwa tumbo lake. Boti ya mpelelezi Stanley, Lady Alice, yenye urefu wa futi 40, ilikatwa vipande ikabebwa na wapagazi kutoka Bagamoyo mwaka 1874, na mwaka 1876 ikakatiza Unyamwezi kwenda Ujiji. Mwaka 1883 wamisionari wa London Missionary Society wakaifikisha Ujiji boti yao ya Morning Star, nayo kwa vipande. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, meli nzima ya Wajerumani, Goetzen, ilipitishwa kwenye stesheni yetu ikiwa ndani ya masanduku 5,000. Niambie ni bandari gani ya pwani imewahi kuona meli ya namna hiyo ikipita bila tone la maji.

Chombo kikiwa majini huwa kimevaa. Kinang'aa, kinayumba kwa madaha, na nusu yake ya chini hakuna aionaye. Kikiwa nchi kavu, juu ya vichwa vya watu, hakina pa kuficha kitu. Kwa hiyo mkaguzi bora wa boti ni Mnyamwezi, na mahali bora pa kuikagulia ni Tabora. Watani zetu Wazaramo watabisha. Waache wabishe, wao ndio wanaoziuza.

Nitoe tahadhari moja: mwongozo huu si ule wa TANU wa mwaka 1971, wala si MV Mwongozo, meli ya Kigoma. Ni mwongozo tu.

Hatua ya kwanza ni kujifunza lugha ya muuzaji. Muuzaji wa boti ya matanga si dalali wa ng'ombe mnadani. Dalali anakudanganya kwa haraka kwa sababu ng'ombe ana miguu yake na anaweza kuchechemea mbele yako. Muuzaji wa boti anakukaribisha kiti, anakumiminia kinywaji, anakusimulia machweo ya Komoro. Akisema boti "imezunguka dunia", maana yake imechoka. Akisema "haijawahi kutoka hapa", maana yake imechakaa ikiwa imekaa. "Inamtaka mtu mwenye mapenzi" ni kwamba mwenye mapenzi wa kwanza aliishiwa fedha. "Injini ilifunguliwa yote" ni kweli. Uliza kama ilifungwa yote. Na akikuambia anauza kwa kuwa mkataba wake wa kazi umeisha na lazima arudi kwao Ulaya mwezi ujao, mpe pole, kisha kaa kimya mpaka mwezi ujao.

Kwenye njia yetu hii ya misafara, mfano wa mnunuzi anaujua kila aliyesoma historia. Mwaka 1858 wapelelezi Burton na Speke, baada ya kupumzika Kazeh, yaani hapa hapa Tabora, walifika Ziwa Tanganyika wakitaka chombo cha kuzungukia. Burton alikuwa hawezi kutembea, anabebwa. Speke macho yalikuwa yanauma hata ziwa lenyewe hakuliona vizuri. Akasikia kuna Mwarabu ng'ambo ya ziwa, Sheikh Hamed bin Sulayyim, mwenye jahazi. Akavuka kwa mtumbwi. Njiani, usiku wa dhoruba, mdudu akamwingia sikioni. Akajaribu kumtoa kwa siagi ya moto, kisha kwa kisu, na sikio likamtesa kwa miezi. Sheikh akampokea kwa ukarimu mkubwa, wakazungumza vizuri sana, na jahazi hakulipata. Wateja wawili, mmoja haoni na mwingine hasimami: hadi leo sijakutana na maelezo bora ya watu wanaokwenda kununua boti kuukuu.

Mimi na shemeji tulikwenda tukiwa na macho manne na miguu minne, ila yeye moyo alikuwa ameshauacha kwenye boti.

Tukaikuta imevutwa pwani na kuegemezwa kwenye nguzo, tumbo wazi, kama nilivyotaka. Sasa hapa inabidi tuelewane kuhusu faiba ni kitu gani. Ni nyuzi za kioo zilizoloweshwa gundi ya poliesta, tabaka juu ya tabaka ndani ya kalibu, kisha nje ikapakwa ngozi nyembamba yenye rangi. Mafundi wa miaka ya 1960 hawakuiamini hata kidogo. Walizoea mbao, na waliona haiwezekani kitu kilichotoka kwenye ndoo kikahimili mawimbi, basi wakarundika matabaka mpaka ubavu ukawa mnene kama mlango wa boma. Woga wao ndio uliozifikisha boti nyingi za umri huo kwetu zikiwa nzima. Baadaye mafundi walipata elimu, na mwaka 1973 bei ya mafuta ikapanda, na gundi hiyo inatokana na mafuta. Tangu hapo wakaanza kupima kwa kijiko. Kwa hiyo ukikuta boti ya zamani sana, usiikimbie kwa umri wake. Ni kama nyumba za tembe: aliyejenga bila hesabu alijenga nene.

Ubaya wa faiba ni ukimya. Jahazi la mbao likiugua linalalamika. Linavuja, linalia, baharia anafua ngama usiku kucha, na asubuhi anaitwa fundi wa kalafati na pamba yake na nyundo yake. Faiba inaumwa miaka ishirini inatabasamu tu. Maji yanapenya taratibu kwenye ngozi ya nje, yanakutana na masalia ya kemikali ndani, yanatengeneza uchachu, na huo uchachu unasukuma ngozi mpaka inatoa malengelenge. Pasua lengelenge moja, kwa ruhusa ya mwenyewe au akiwa ameenda kupokea simu, unuse. Likinukia kama siki, umeshapata jibu. Usiogope kupita kiasi. Malengelenge machache hayajazamisha mtu. Lakini yaonyeshe kidole kwa huzuni, tikisa kichwa, sema "mh", kisha mwache muuzaji ahesabu mwenyewe ni shilingi ngapi "mh" hiyo.

Baada ya pua, sikio. Marehemu mjomba wangu alikuwa mrina asali, na mzinga hakuufungua kabla ya kuugonga na kusikiliza. Mzinga uliojaa unajibu kwa kifupi, mtupu unavuma. Boti ni kinyume chake kidogo: chukua nyundo ndogo ya plastiki, gonga ubavu wote kwa mstari, kutoka omo hadi tezi. Palipo pazima panajibu "ko". Matabaka yalipoachana au palipolowa panajibu "bu", kama unagonga gunia la viazi. Chora duara kwa chaki kila unapopata "bu". Tulipomaliza ubavu wa kushoto, shemeji alitaka nipunguze maduara kwa sababu, alisema, yanamvunja moyo muuzaji.

Kisha panda juu. Sitaha ya boti hizi nyingi ni kama mkate wenye kitu katikati: faiba juu, faiba chini, na kati yake mbao ya balsa au plaiwudi. Balsa inatoka Amerika ya Kusini na ni miongoni mwa mbao nyepesi kuliko zote duniani. Ikiwa kavu ni ngumu ya kutosha. Ikilowa ni uji. Na inalowa kwa sababu kila mwenye boti, tangu wa kwanza, alitoboa tundu la skrubu mahali fulani afunge kishikio, feni, kibao cha jina la mkewe, kisha hakuziba vizuri. Tembea kwa visigino, polepole, hasa kuzunguka nguzo za pembeni na chini ya mlingoti. Ukihisi unakanyaga godoro, umesimama juu ya gharama.

Mkuku sitausemea sana, kwa kuwa sehemu yake inayotisha haionekani. Boti nyingi za umri huu zina mkuku wa risasi au chuma, tani kadhaa, ulioning'inizwa kwa boliti. Boliti hizo zinapita mahali pasipo hewa, na chuma kisichoshika kutu kinahitaji hewa ili kisishike kutu. Kikikoseshwa kinaliwa kimyakimya kutokea ndani. Tazama pale mkuku unapokutana na tumbo, upande wa mbele. Ukiona ufa mwembamba uliopinda kama mdomo unaocheka, ujue nani anachekwa. Nyaya zinazoshikilia mlingoti nazo uliza umri wake. Baada ya miaka kumi hadi kumi na mitano zinapaswa kubadilishwa hata kama zinang'aa, na muuzaji atakuambia zinang'aa.

Sasa tumefika kwenye hesabu, na hapa naomba uvumilivu kwa sababu ndipo wanaume wengi wanapofilisikia.

Agosti 1979 boti 303 zilianza mashindano ya Fastnet kutoka Uingereza kwenda kwenye mwamba wa kusini mwa Ireland na kurudi. Dhoruba ikazipiga, nyingi zikalala ubavu, nyingine zikapinduka kabisa, na wanamashindano 15 wakafa. Wataalamu wakaketi kutafuta kwa nini, na moja ya matunda ya vikao vya namna hiyo ni kanuni fupi ya kukisia kama boti ni nyepesi kupinduka. Chukua uzito wa boti kwa ratili, ugawe kwa 64, ambao ni uzito wa futi moja ya ujazo ya maji ya bahari. Tafuta kipeuo cha tatu. Kisha gawa upana wa boti kwa futi kwa jibu hilo. Ukipata chini ya 2, unaweza kuiota bahari kuu. Ukipata zaidi ya 2, baki karibu na nyumbani.

Boti ya shemeji ilikuwa na upana wa futi 10 na uzito, kwa mujibu wa makaratasi, ratili 11,000. Nikapiga hesabu juu ya boksi la sigara: 1.80. Shemeji akapiga makofi.

Nikamwambia subiri. Kanuni hii inajali upana na uzito tu, haiulizi uzito umekaa wapi. Ukimpandisha ng'ombe wa ratili 660 juu ya mlingoti, ukamfunga vizuri, namba inashuka kutoka 1.80 hadi 1.76, yaani kwa mujibu wa kanuni boti imekuwa salama zaidi. Shemeji akauliza ng'ombe wa kabila gani. Hapo nikajua ameshanunua.

Kanuni ya pili ni ya starehe. Ilitungwa na Ted Brewer, msanifu wa boti mzaliwa wa Kanada, na inapima jinsi boti inavyomrusharusha mtu: nzito na nyembamba inapanda wimbi pole pole, nyepesi na pana inarushwa kama punje ya bisi. Unachukua uzito kwa ratili, unaugawa kwa mrundiko wa urefu na upana ambao sitauandika hapa kwa heshima ya wasomaji waliopata divisheni zero, na unapata namba. Chini ya 20 ni boti ya mashindano, mbaya kwa matumbo. Kati ya 20 na 30 ni ya mwambao. Zaidi ya 30 unaelekea bahari kuu, na zinazopita 50 ni nzito kupindukia. Ya shemeji ilitoka 29 kasoro kidogo.

Watu wamekesha wakilinganisha namba hizi. Ndoa zimetikisika kwa tofauti ya nukta mbili. Na Brewer mwenyewe aliandika waziwazi kwamba kanuni hiyo aliibuni kwa utani. Aliitoa kama mzaha, dunia ikaipokea kama sheria. Mimi kama Mnyamwezi namwelewa sana mtu huyo: utani ni kazi nzito, na adhabu yake ni kuaminiwa.

Kwa kuwa kanuni inasema uzito ni starehe, ipakie boti ya shemeji tani tano za tumbaku ya Urambo. Namba inaruka kutoka 29 hadi 57. Starehe ya kifalme! Ongeza tani nyingine tano, maji yanafika sitahani, na starehe inazidi kupanda. Chombo kilichokwisha kuzama hakiyumbi hata kidogo.

Na msidhani natania tu. Ile Goetzen iliyopita hapa ndani ya masanduku iliingizwa majini Kigoma mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi isichukuliwe na adui, baada ya kuipaka injini grisi nene ili ije kufaa siku moja. Wabelgiji wakaiibua, ikazama tena. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, wakaifungua, wakakuta injini zinatengenezeka, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Ikasafirisha watu, samaki na mananasi miongo na miongo. Huo ndio ukaguzi ninaouheshimu. Ukitaka kujua kama muuzaji anaiamini boti yake, mwombe aizamishe miaka minane kisha mkutane kwa bei. Nilimwomba. Alidhani ni tatizo la Kiswahili changu cha bara.

Lakini kipimo changu mwenyewe, ambacho natoa bure kwa taifa, ni kipimo cha frasila. Frasila moja ni ratili 35. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mbili hivi, mchana hadi mchana, kwa miezi mitatu, na posho juu. Boti ya shemeji, ratili 11,000, ni frasila 314, yaani wapagazi 157, bila kuhesabu kiongozi, mpiga ngoma na mpishi. Kila kitu unachotaka kuiongezea boti kipime hivyo. Friji? Wapagazi wawili kwa mzegazega. Betri nne? Wanne. Godoro jipya, sufuria za shemeji mke, jenereta, nanga ya akiba: msafara unazidi kurefuka porini, na ukifumba macho unawaona wamesimama wote nyuma yako wakikutazama, jasho linawatoka. Hapo utaiacha friji.

Kipimo hiki pia kinaonyesha kasoro moja ya faiba ambayo hakuna mkaguzi wa pwani aliyewahi kuitaja. Haigawanyiki vipande. Lady Alice ilifunguliwa, ikabebwa, ikafungwa, na mwaka 1876 ikalizunguka Ziwa Tanganyika kwa siku 51. Hii ya shemeji imetoka kwenye kalibu ikiwa moja na itakufa ikiwa moja.

Sasa starehe yenyewe, maana namba hazikai wala hazilali. Ingia ndani saa nane mchana, funga milango na vidirisha vyote, mwombe mtu akaange dagaa. Kaa nusu saa. Tembe la Kwihara, hapa jirani, alimokaa Livingstone lilijengwa kwa udongo mnene, jua likiwaka nje ndani ni kivuli. Faiba ni sufuria lenye kifuniko. Kama boti haina matundu ya hewa yanayofanya kazi hata mvua ikinyesha, hiyo si nyumba, ni chombo cha kupikia.

Tazama kitanda. Mke wa shemeji alikipenda cha mbele, kipana, umbo la kabati la nguo za harusi. Bandarini ni kizuri. Baharini utabiringika humo kama chungwa kwenye beseni, na omo ndiko boti inakorukaruka zaidi. Kitanda cha baharini ni chembamba, kiko katikati au nyuma ya chombo, chini, kina ubao au kitambaa cha kukuzuia usidondoke. Mpagazi aliyelala njiani hakulala kitanda cha futi sita. Tazama pia vishikio. Simama mlangoni, fumba macho, jaribu kwenda mpaka omo bila mkono wako kukosa pa kushika. Sebule pana inayowafurahisha wageni ndiyo inayovunja mbavu, kwa sababu umbali kutoka ukuta hadi ukuta ni umbali wa kurushwa. Choo kijaribu kwa kukikalia, si kwa kukitazama. Nimesema hivi kwa adabu na sitarudia.

Baadaye omba muende majini. Muuzaji atataka iwe wakati wa maleleji, mwezi Aprili mapema au Novemba, upepo ukiwa haujui uende wapi na bahari imelala kama mafuta ya nazi. Kataa. Subiri kusi ya mwezi Julai. Mwambie aende joshi, kisha abishe, kisha abishe tena. Boti za zamani zenye mkuku mrefu zinashika njia vizuri, hazigeukigeuki kama bodaboda, lakini ukizirudisha nyuma kwa injini zinakwenda zinakotaka zenyewe. Ukiwa huko, fungua mbao za sakafu utazame ngama. Maji yakiwepo, onja. Ya chumvi yanatoka nje, matamu yanatoka kwenye tangi au mvua, na yenye ladha ya dizeli yanatoka mfukoni mwako. Mimi nilifanya kipimo cha ziada ambacho sikukipanga: nilitapika mara tatu upande wa demani, upepo unakoelekea, na mara moja, kwa kutojua, upande wa joshi, upepo unakotoka. Kwa hiyo ile 29 kasoro naithibitisha.

Kuhusu makaratasi, mababu zetu walikatiza Ugogo wakilipa hongo kwa kila mtemi, kitambaa hapa, ushanga pale, na kila mtemi alikuwa na sababu. Nenda TASAC, wasimamizi wa vyombo vya majini, uulize usajili na ukaguzi wa usalama. Uliza sana kama boti ililipiwa ushuru ilipoingia nchini, au iliingia kama mgeni wa muda tu na muda huo ulikwisha zamani. Deni la namna hiyo linafuata chombo, halimfuati mzungu kwenye ndege. Kilichobaki ni bei ya ukarabati. Chukua makadirio ya fundi, zidisha kwa mbili. Kama fundi ni rafiki wa muuzaji, zidisha kwa tatu. Kama fundi ni shemeji yako mwenyewe, uza kiwanja.

Niliandika yote haya kwenye daftari kurasa nane, nikamkabidhi shemeji kwa mikono miwili, nikamshauri kwa heshima aachane nayo. Aliyasoma yote. Akanishukuru sana, akaniambia nimemfungua macho, hasa ule ukurasa wa wapagazi. Wiki mbili baadaye nikiwa barazani simu ikaita.

"Shikamoo shem."

"Marahaba. Umeinunua?"

"Nimeinunua. Ila nimefikiri, bahari ni chumvi, inaharibu vitu. Ziwa Tanganyika ni maji matamu. Boti si inapita hapo kwenu?"

Wazee waliposikia hawakucheka safari hii. Waliacha karata, wakaanza kubishana ni mwembe upi hapa Mtendeni una kivuli cha kuitosha boti ya futi 33 ikiwa inapumzika. Namtafutia watu 157. Hadi leo asubuhi nimepata wanne, na mmoja wao anauliza posho.